Hodi ya Saa Nane Usiku

Saa nane usiku, Łódź imelala chini ya theluji chafu.
Katika kiwanda kilichokuwa cha kufuma pamba, ghorofa ya tatu,
hakuna mtu. Kuna seva na feni zake,
na koti la Bogumiła, limesahauliwa kitini.

Seva inajenga nyumba.
Moja, kumi, arobaini na mbili:
mashine pepe, kila moja na kuta zake,
kila moja ikiamini ndiyo kompyuta pekee duniani.
Hazina jana. Harufu ya rangi mbichi, ningesema,
kama zingekuwa na harufu.

Ndipo kisakinishi kinapopiga hodi.
Hati yangu, isiyojua usingizi, humwitikia kwa niaba ya mwenyeji:
Karibu. Ndiyo. Endelea. Nayakubali masharti.
Mgeni anaingia, anapanga faili zake,
anatundika alama yake sebuleni.
Kisha anaambiwa: haya, toka.

Hapo ndipo adabu hupimwa.
Wahenga walingoja siku ya tatu ndipo wampe mgeni jembe;
sisi humpa dakika tatu na kumfukuza,
halafu tunapiga magoti kutafuta alichoacha:
folda tupu, njia ya mkato isiyofika popote,
jina lake limekwaruzwa nyuma ya mlango.
Akiwa msafi, akiwa mchafu, nyumba hubomolewa.
Kukicha halibaki hata tofali.

Asubuhi ile ilikuwa kijani tupu,
mistari arobaini na miwili, kama shamba la shayiri mwezi Mei.
Bogumiła alikata keki.

Simu ililia kabla hatujalamba vidole.
Daktari wa ng'ombe, kutoka Zduńska Wola:
"Programu yenu imegoma mlangoni kwangu."
"Hapa kwetu inaingia," nikasema,
sentensi ambayo fani yetu nzima inapaswa kuionea haya.
"Basi hamieni huku na hapo kwenu," akajibu, "ng'ombe wanangoja chanjo."

Nikapanda treni.
Kompyuta yake ilikaa kati ya mizani na ndoo.
Vitufe vina manyoya. Saa iko nyuma kwa siku moja.
Walinzi wawili wa virusi wanagombea lango moja,
diski imejaa picha za ndama mpaka pomoni,
na mwenyeji, juu ya skrini, anaitwa
Wojsława Żółkoś.

Kisakinishi kilikuwa kimejikwaa kwenye jina.
Kwenye kile kinukta, kwenye kile kikwaju cha l,
kikaanguka kifudifudi, kimya, bila hata kusema samahani.

Nilicheka, kisha sikucheka.
Sisi watu wa Łódź,
mji wenye herufi nne, na tatu kati yake zimevaa pambo,
nyumba zetu zote arobaini na mbili tulizipa mwenyeji mmoja:
mtu1.
Nani amewahi kuzaliwa akaitwa mtu1?
Nyumba isiyokaliwa haivuji, nayo mvua tulijinyeshea wenyewe,
kwa kipimo, kwa kijiko.

"Naweza kuzichukua picha?" nilimwuliza.
"Za ndama? Chukua. Huyo mwenye doa ameshauzwa."

Usiku ule nikajenga nyumba ya arobaini na tatu.
Nikairudisha saa yake nyuma kwa siku moja.
Nikawaweka walinzi wawili wasiosalimiana.
Nikaijaza mpaka ikakosa pumzi,
na mlangoni nikaandika jina zima, na nukta zake, na kikwaju chake.
Hodi.
Nyekundu.
Bogumiła, koti mabegani, alipiga meza kwa furaha
kama mtu aliyepata pete kwenye mchanga.

Siku hizi kisakinishi kinapita.
Nayo nyumba ile hubomolewa alfajiri kama jirani zake,
haina upendeleo.
Ila usiku ukirudi, hati huizeesha upya,
tangu uchakavu hadi ugomvi,
na ndama mwenye doa anatokea tena,
anatazama kamera,
na kwenye kona ya picha, kila usiku, kile kidole
kilichoziba lenzi.